Gari Huanzia Kwenye Kopo

Mwaka 1998 nilimnyang'anya mtoto gari lake. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya msingi huku Bariadi, kijana bado, chaki mfukoni na fimbo mkononi. Mtoto alikuwa amekaa dawati la nyuma, mikono ameificha chini, anakunja waya. Lilikuwa lori, limebaki kuwekewa magurudumu ya nyuma tu. Nililichukua, nikalikunja kwa goti, nikaenda kulitupa juu ya kabati la ofisini. Darasa zima likacheka. Kipindi kilikuwa cha Stadi za Kazi.

Ndiyo, Stadi za Kazi. Mimi nilikuwa naandika ubaoni orodha ya vifaa vya kazi za mikono ili watoto wanakili, na mmoja wao alikuwa anafanya kazi yenyewe kwa mikono yake. Sikuliona hilo siku ile. Nimekuja kuliona baada ya miaka mingi, na kilichonifumbua macho ni swali la rafiki yangu anayeishi Ulaya.

Alinitumia picha za klabu yao. Watu wazima, wengine wastaafu, wanakutana ukumbini jioni, kila mmoja na kazi yake mezani: ndege za plastiki, vifaru, meli, treni, vyote vidogo vya kutosha kiganjani. Mmoja anawaonyesha wenzake namna ya kupaka rangi ifanane na kutu. Mwingine anauliza gundi gani haiachi alama. Chini ya picha rafiki yangu akaandika: "Kaka, huko kwenu kuna kitu kama hiki?" Nikamjibu hakuna. Usiku nikiwa nimelala nikajiona mwongo.

Klabu kama ile yake zina historia iliyoandikwa, na si ya zamani sana. Mwaka 1936 Waingereza walitoa vifurushi vya kwanza vya plastiki vya kuunganisha ndege, vilivyoitwa Frog Penguin. Kipimo chake kilikuwa moja kwa sabini na mbili, yaani inchi moja kwenye mfano ni futi sita kwenye kitu chenyewe. Futi sita ni urefu wa mwanamume mrefu, kwa hiyo rubani wao alikuwa na urefu wa inchi moja. Vita Kuu ya Pili ilipofika, mchezo ukawa kazi. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa sekondari watengeneze mifano nusu milioni ya ndege, kwa kipimo hichohicho, ili askari wajifunze kuitambua ndege ya adui kwa umbo lake. Baada ya vita, mwaka 1949, kampuni ya Airfix ikatengeneza mfano wake wa kwanza wa kuunganisha. Haukuwa wa ndege. Ulikuwa wa trekta la Ferguson, kwa ajili ya mawakala waliokuwa wakiyauza matrekta hayo.

Hapo kwenye trekta nilisimama kidogo. Maana trekta tunalijua. Tulilitengeneza pia, kwa mabua ya mtama na miiba, na hakuna aliyetuuzia.

Basi ngoja nieleze ya kwetu, kwa mpangilio ninaoukumbuka.

Nilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 upande wa Ntuzu, eneo lililokuwa na mtemi wake na ambalo serikali ya kikoloni iliweka ndani ya wilaya ya Maswa. Mkoa wa Simiyu haukuwepo. Huo ulizaliwa mwaka 2012, ukakusanya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu kutoka upande wa Shinyanga, na Busega kutoka upande wa Mwanza. Sisi tulikuwa watu wa Shinyanga, na sisi watoto wa kiume tulikuwa watu wa machungani. Ukiwa machungani una mambo mawili kwa wingi: muda, na udongo.

Wasukuma wana majina ya udongo kama wengine walivyo na majina ya samaki. Kuna luseni, wenye mchanga. Kuna itogolo, kuna ibushi, kuna mbuga, ule mweusi unaong'ang'ania mguu wakati wa mvua. Mkulima anayajua kwa sababu ya pamba na mtama. Sisi tuliyajua kwa sababu ya ng'ombe wa udongo. Luseni haushiki, ukiufinyanga unamwagika. Mbuga unashika vizuri sana, lakini ukikauka unapasuka na ng'ombe anabaki vipande vitatu. Aliyetufundisha dawa yake ni mtoto wa baba mkubwa, aliyetuzidi miaka mitatu hivi: changanya wa mbuga na wa kichuguu, tia kinyesi cha ng'ombe kikavu kilichosagwa, kanda mpaka udongo uache kushika kidole. Kausha kivulini, usiweke juani. Miguu iwe mifupi na minene kuliko ya ng'ombe wa kweli, la sivyo haitabeba tumbo. Pembe usifinyange, chomeka miiba.

Yeye alijifunza kwa nani? Kwa mkubwa wake wa machungani. Na huyo kwa mkubwa wake. Wasichana nao walikuwa na yao, watoto wa magunzi ya mahindi na vyungu vidogo vilivyofuata vyungu vya mama zao, na mkono wa binti mfinyanzi ulijulikana hata kwenye chungu cha ukubwa wa ngumi.

Kulikuwa na sheria moja pale machungani, na sijui nani aliitunga: usifinyange ng'ombe ambaye hujamchunga. Ukimfinyanga ng'ombe wa jirani watakucheka, kwa sababu utakosea. Babu alikuwa anapita jioni, anachuchumaa, anatazama kundi letu la udongo. "Huyu nundu yake inalalia kushoto," anasema. "Wewe umeilaza kulia." Anaondoka. Kesho yake unalowesha udongo, unaanza upya. Rafiki yangu wa Ulaya akisoma hapa atajua: huo ndio mkutano wa klabu.

Baada ya vita vya Kagera kumalizika mwaka 1979, wizi wa ng'ombe ulizidi katika nchi ya Wasukuma, silaha zikawa zimeenea, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya sungusungu waanze huko Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea haraka mpaka kwetu. Boma la babu lilivunjwa usiku. Walichukua kumi na tano. Wazee wa sungusungu walipokuja kuuliza ng'ombe wana alama gani, babu alianza kueleza kwa mdomo, akaona hawamfuati vizuri. Akaingia ghalani tulikokuwa tunaweka ng'ombe wetu wa udongo. Akawatoa, akawapanga chini mmoja mmoja. Huyu pembe imevunjika hapa. Huyu nundu inalalia kushoto. Huyu ana baka hili, alilipaka kwa mkaa mjukuu wangu. Wazee wakachuchumaa, wakatazama kimya, mmoja akawa anawageuza kwa kidole.

Walirudi wanne. Kumi na mmoja hawakurudi. Wale kumi na mmoja wa udongo walikaa ghalani mpaka paa lilipovuja wakati wa masika, wakarudi kuwa tope. Hatukuwahi kuwachoma, hakuna aliyewachoma. Na hapo ndipo penye shida ya historia hii: vitu vyake havikai. Makumbusho yanahifadhi chungu, mkuki na ngoma. Ng'ombe wa udongo mbichi hafiki makumbusho.

Sasa njoo kwenye magari.

Pamba ndiyo iliyotuletea magari. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba kandokando ya Ziwa Victoria viliungana kuwa shirikisho moja, maarufu kwa kifupi cha VFCU, Paul Bomani akiwa mmoja wa waliolijenga. Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa, malori yanaingia vijijini kupakia kwenye magulio. Wazee wetu wakiwa watoto waliyaona malori kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo. Ushirika umepita mengi tangu hapo, ukavunjwa mwaka 1976, ukarudishwa mwaka 1982, soko likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994, lakini kwa mtoto jambo lilikuwa lilelile: baada ya mavuno kuna vumbi barabarani, na ndani ya vumbi kuna lori.

Lori la waya lina kanuni yake, na ningependa niiandike hapa kwa sababu sijawahi kuiona imeandikwa. Gari huanzia kwenye kopo. Hupimi lori la kweli halafu ukaligawa kama wanavyofanya kwenye plastiki. Unatafuta kwanza magurudumu, na magurudumu ndiyo yanayokuambia gari litakuwa na ukubwa gani. Ukipata makopo manne ya rangi ya viatu yaliyo sawa, upana wake ni kama sentimita 7. Tairi la lori lina karibu mita 1. Hesabu mwenyewe, msomaji: inakuja karibu moja kwa kumi na nne. Kuanzia hapo kila kitu unapima kwa vidole. Kabini ni tairi mbili kwenda juu, bodi ni tairi nne na nusu kwenda nyuma. Tulisema hivyohivyo, "tairi mbili", "tairi nne na nusu". Ukikosa makopo ukapata vifuniko vya chupa, gari linakuwa dogo, lakini kabini bado ni tairi mbili. Hatukujua neno uwiano mpaka tulipolikuta kwenye hesabu za darasani, na wengi wetu tukafeli swali lake.

Miaka yangu, 1982 hadi 1985 hivi, ilikuwa miaka ya kukosa. Sukari hakuna, sabuni hakuna, makopo yatoke wapi? Tulikata magurudumu kutoka kwenye katambuga zilizochakaa. Yaani tairi la lori lilikwisha, likawa kiatu, kiatu kikaisha, kikawa tairi la lori dogo. Mdogo wangu aliyezaliwa miaka kumi baadaye alitumia kandambili, za rangi, na vizibo vya plastiki vya madumu. Ukiniwekea magari matano ya waya mezani leo, bila kuniambia kitu, nadhani ninaweza kukadiria mwaka wa kila moja kwa kutazama magurudumu tu. Na kwa kutazama bodi ninaweza kukuambia ni nini kilikuwa kinapita barabarani. Lami ya kutoka Lamadi kuja Bariadi ilipofika, miaka ya 2010, watoto wakaacha malori ya pamba wakahamia mabasi, na mabasi yale yana kitu ambacho magari yetu hayakuwa nacho: majina ubavuni.

Wapo watakaosema hii ni michezo ya watoto, kwa nini kuiita historia. Nawajibu kwa habari ya watu wazima.

Katika karne ya 19 walikuwepo mabwana wawili wa ngoma na uganga katika Usukuma, Ngika na Gumha. Wakashindana, wafuasi wao wakashindana baada yao, na mpaka leo wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu. Mashindano hufanyika baada ya mavuno, kuanzia Juni mpaka Agosti hivi, ndiyo miezi ileile ya malori. Pande mbili zinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Sasa utawavutaje watu wakati mwenzako naye anawavuta? Kwa dawa, ndiyo, kwa nyimbo, lakini pia kwa ufundi. Bayeye wanakuja na nyoka, Banunguli na nungunungu. Na wapo waliochonga sanamu za mbao zenye mikono na miguu inayochezeshwa, watu wadogo wa mbao wanaocheza katikati ya watu wakubwa. Sanamu moja nzuri iliweza kuhamisha umati kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda mwingine.

Huo ufundi haukuokotwa njiani. Kila chama kilikuwa na mwalimu, na wanafunzi, na ada, na siri. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi kama mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika na kuishi Mwanza, alichapisha mwaka 1953 maelezo ya michoro iliyokuwa ndani ya nyumba za chama cha wacheza nyoka. Wageni wa chama walifundishwa mbele ya kuta zile. Miaka mitatu baadaye akatoa kitabu kuhusu sanamu za udongo zilizotumika katika jando na unyago sehemu nyingine za Tanganyika: kila sanamu ina wimbo wake, na kila wimbo una fundisho lake. Mfano mdogo ulikuwa kitabu cha kiada. Mwalimu anaushika mkononi, mwanafunzi anautazama, jambo linaingia.

Nyumbani kwa ufundi wa Kisukuma ni Bujora, karibu na Kisesa nje ya jiji la Mwanza, mahali ambapo padri Mkanada, David Clement, alianzisha makumbusho. Kila mwaka wakati wa sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni, Bagika na Bagalu wanakutana pale. Nilipowapeleka wanafunzi wangu, kitu kilichowashangaza si ngoma. Ni jengo. Jengo la vitu vya watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kiti unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja kimekuzwa mpaka unaingia ndani yake. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hiki kimepimwa kwa nini?" Nikamwambia sijui. Mwenzake akamjibu bila kufikiri: "Si wamechukua mguu wa kiti." Yule alikuwa anatengeneza magari, bila shaka.

Sasa turudi kwenye kabati la ofisi.

Miaka michache iliyopita tela langu la kukokotwa na ng'ombe lilivunjika ekseli. Nikaelekezwa kwa fundi wa kuchomelea hapa mjini. Nikakuta kijana mkubwa, miwani myeusi usoni, akaivua akasema, "Shikamoo, mwalimu." Sikumtambua. Akanitajia mwaka, akanitajia darasa, akanitajia dawati. Nikamtambua.

Nilimwomba radhi, kidogo kwa utani, kama watu wazima wanavyofanya wanapoogopa. Nikasema, "Nilikukunjia gari lako." Akatikisa kichwa. "Gari halikuwa na shida, mwalimu. Ningetengeneza lingine. Ule waya ulikuwa wa baba, wa banda la kuku. Nilikuwa nimeuazima. Nilikuwa naunyoosha kila jioni naurudisha."

Ulipobaki juu ya kabati hakuwa na cha kurudisha. Kuku watatu wakaliwa na vicheche wiki ile. Alipigwa, na hakusema waya umekwenda wapi, kwa sababu kusema kungekuwa kumshitaki mwalimu.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Nilidhani magari yetu yalipotea kwa kuwa hatukuyathamini. Kumbe mengine yalikunjuliwa jioni kwa sababu waya ulikuwa na mwenyewe. Kila asubuhi mtoto yule alilitengeneza lori lilelile upya, kutoka kichwani, na kila jioni alilifuta. Hakuna kabati la makumbusho la kuhifadhi kitu cha namna hiyo. Kinachobaki ni mkono wenyewe, na mkono ule sasa unachomelea mageti na matela.

Siku za Jumamosi watoto wanakaa kwenye karakana yake. Hakuwaita, walikuja kuokota vipande vya nondo na waya, akawaacha. Ana sharti moja: ukijua kukunja gurudumu likawa duara kamili, unamfundisha mwenzako mmoja kabla hujapewa waya mwingine. Wakati mwingine wasichana wawili huja nao, na mmoja ndiye mwenye duara zuri kuliko wote. Mimi naenda na daftari na rula. Napima. Naandika gari la nani, la aina gani, kopo la nini, tairi ngapi kwenda juu na ngapi kwenda nyuma, na nani alimfundisha. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ndefu. Mtoto anataja kaka, kaka ukimfuata anataja mjomba, mjomba anataja mtu wa machungani aliyekwisha kufa.

Wiki iliyopita nilimjibu tena rafiki yangu wa Ulaya. Nikamtumia picha ya ukurasa mmoja wa daftari, na nikamwambia ipo, inakutana Jumamosi, na mimi nimechelewa kujiunga kwa zaidi ya miaka ishirini. Na wewe msomaji, kama kwenu kuna gari la waya limening'inia ukutani, au ng'ombe wa udongo kwenye kona ya ghala, mpime kabla ya masika. Halafu muulize aliyemtengeneza ni nani alimwonyesha.